Michi Miwili, Kinu Kimoja

Karatasi ilikuwa na mihuri mitatu tayari. Nafasi moja tu ilibaki wazi, chini kabisa upande wa kulia, na nafasi hiyo ilikuwa ya Inspekta Symphorien Ngosa.

"Unatia sahihi, tunabeba ule Mukasai wa mahabusu, kazi inaisha," alisema Luteni Stanislas Kisimba.

Hakuketi. Koti lake la mvua lilidondosha maji sakafuni. Nje, mbele ya lango la kituo, gari lake la kijivu liliendelea kuunguruma, dereva akiwa ndani. Lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekimbilia Ndola mwaka uliopita akiacha hadi miswaki. Sasa lilikuwa la Luteni.

"Munamubeba wapi?" aliuliza Symphorien.

"Ku kambi."

Symphorien alikuwa na orodha nyuma ya kalenda ya ukutani. Tangu mapigano ya Septemba kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa, watu wanne kutoka Kasai walikuwa wametolewa katika mahabusu ya kituo hiki kwa karatasi ya namna hii. Viatu vyao vilikuwa bado stoo.

"Niambie tena ile mambo, Luteni. Pole pole."

"We ulisoma. Juzi, mardi, saa kumi na moja na nusu, mvua inanyesha. Laurent, askari yangu wa baraji ya Kasungami, anasimamisha motokari. Motokari inamugonga, inamuua, inaenda. Mama moya alisikia motere inagonga sawa muchi. Jana asubui tunakamata Mukasai na kamionete yake pa posta, motere inagonga sawa muchi. Unataka nini tena? Photo?"

"Nataka muda mpaka saa kumi na moja. Kamisere, mukubwa wa kituo, hayuko, na muhuri ya kutia pa sahihi yangu iko mu kabati yake."

Luteni alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kamili.

"Saa kumi na moja. Dakika moya mbele, nabeba babili."

Kwenye ukingo wa dirisha, kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe cha kahawa: ti-ti, kimya, ti-ti, kimya. Symphorien alikitoa na kukiweka juu ya meza. Mji wote ulikuwa ukitetemeka siku hizo, hakutaka na kikombe chake kitetemeke. Luteni aliondoka, mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo, gari likapotea ndani ya mvua, laini, bila kelele.

*

Ndani ya mahabusu, Lucien Kanyinda alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa dawa mjini, mwimbaji wa kwaya, mtu wa miaka thelathini. Suruali yake ilishikwa kiunoni kwa kamba ya gunia.

"Saa ngapi, chef?"

"Saa sita na robo. Juzi ulikuwa wapi?"

"Kambove. Nilipeleka dawa ku dispensaire. Niliondoka kule saa saba."

"Nani alikuona njiani?"

"Mungu na mvua."

"Mungu hatii sahihi. Endelea."

Lucien alijipangusa uso. "Nilipita Jadotville. Kilomita kumi mbele, motere inaanza kugonga. Kwanza pole, kisha nguvu. Nikasema, nikiendelea, itapasuka. Nikasimama pembeni. Nikafanya ile dawa ya bashofere."

"Dawa gani?"

Dereva alimtazama askari wa zamu aliyesimama mlangoni, kisha akainamisha kichwa. "Patron alinikataza. Akiyua, ananifukuza kazi."

"Luteni anakungoja saa kumi na moja, weye unaogopa patron?"

"Kusineti, chef. Kile kipande cha chuma laini kinashika biela, ule mukono wa pistoni. Ilikuwa imekwisha. Nililala chini ya kamionete, nikafungua, nikaitoa, nikakata ngozi kwa kipimo yake, nikailoweka mu mafuta, nikafunga. Motere ikanyamaza. Nikaendesha kilomita arobaini kwa saa, sawa padri. Nikafika muyini pa magaribi, nikalaza kamionete kwa patron. Jana asubui nikaiwasha, ikaanza kugonga tena. Banikamata."

"Ngozi uliipata wapi kule porini?"

Lucien alitazama kamba iliyokuwa kiunoni mwake. "Ilikuwa mukanda yangu, chef."

"Mahabusu bote tunabavua mukanda pa mulango," alidakia askari wa zamu. "Haina maana."

Symphorien aliagiza daftari la mahabusu, akafuata mstari kwa kidole. *Kanyinda, Lucien. Saa ya mkononi, moja. Rozari, moja. Kitambaa, kimoja. Funguo, mbili. Mkanda: hakuna.* Mwandiko ulikuwa wa askari huyo huyo.

"Uliandika mwenyewe," alisema Symphorien. "Alifika hapa bila mukanda."

Uani, chini ya kibati kilichovuja, mke wa Lucien alikuwa akingoja tangu alfajiri na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Aliitwa Simone. Alikuwa amelala katika kambi ya wakimbizi ya ONU, Umoja wa Mataifa, pamoja na watoto, kisha akatembea mpaka kituoni.

"Mukanda ya bwana yako iko namna gani?"

Alishangaa swali, lakini alijibu. "Ya ngozi nyeusi. Baba yangu alimupa siku ya ndoa. Pa bizimu, ndani, alichoma herufi mbili kwa chuma cha moto. L na S."

*

Fundi wa magari ambaye Symphorien alimwita uani aliitwa Bwalya. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini karibu na mitambo ya kusaga mawe, na mitambo ilimwachia mshahara wa uzee na masikio yasiyosikia mazungumzo. Kwa sababu hiyo aliongea kwa kupiga kelele. Kwa sababu hiyo pia alisikiliza injini kwa meno. Alikuwa na kijiti cha mpera, urefu wa mkono, cheusi kwa mafuta na chenye alama za meno upande mmoja. Upande mmoja aliuma, upande wa pili aliuweka juu ya chuma.

"WASHA!" alisema, na njiwa wakaruka kutoka paa la kituo.

Symphorien aliwasha kamionete, gari dogo la mizigo la Lucien. Mlio ulikuwa mzito, mmoja mmoja: ko, ko, ko. Bwalya aliinama na kijiti mdomoni. Aligusa juu, penye valvu. Akatikisa kichwa. Akagusa mbele, penye feni. Akatikisa kichwa. Akagusa ubavuni, chini, akafumba macho.

"Kanyaga mafuta!"

Symphorien alikanyaga. Mlio ukaongezeka nguvu mpaka kiti kikatikisika.

Bwalya alianza kuchomoa nyaya za bujia, zile plagi za kuwashia moto, moja baada ya nyingine, na kuzirudisha. Ya kwanza, mlio ulibaki. Ya pili, ulibaki. Ya tatu, ukanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Biela ya tatu! Moto ukiwaka unaisukuma chini, inagonga. Ukikanyaga zaidi, inagonga zaidi. Ukitoa moto, inalala. Zima!"

Walimwaga mafuta ya injini ndani ya karai na kufungua sufuria ya chini. Fundi aliingiza mkono mpaka kiwiko, akafungua kofia ya biela, akatoa kitu kwa vidole viwili. Kilikuwa cheusi, kikavu, kimejikunja kama ngozi ya samaki iliyosahauliwa motoni. Kilimeguka.

"Ngozi," alisema Bwalya.

Katika sanduku la vifaa, chini ya matambara, Symphorien alikuta kusineti kuukuu, imelika mpaka inang'aa, na pembeni yake kipande cha mkanda chenye bizimu. Alikigeuza. L na S.

Simone, kule chini ya kibati, aliziba mdomo kwa mkono.

"Usifurahi bado, mama," alisema Symphorien. Akamgeukia fundi na kumwongelesha uso kwa uso ili asome midomo. "Luteni atasema aliiweka hiyo ngozi jioni ile, akiisha kugonga muntu. Kuifunga motokari kinywa."

"Aseme." Bwalya alisugua majivu ya ngozi kwenye kiganja. "Ngozi mupya, imenywa mafuta, ukiendesha pole inatembea kilomita mia, mia na kumi. Njo inaungua vile. Jana asubui aliendesha wapi?"

"Kutoka kwa patron mpaka posta. Kilomita tatu."

"Kilomita tatu!" Fundi alicheka kwa sauti iliyofika barabarani. "Kwa kilomita tatu ata yai haiive. Hii ngozi iliwekwa mbali, kilomita mia na kumi, karibu na Jadotville. Juzi magaribi, wakati ilifika muyini, ilikuwa ingali nzima. Motere ilikuwa kimya sawa mutoto amelala."

Symphorien aliandika hayo yote. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Aliyasoma tena, na kila aliposoma alimwona Luteni akipuliza yale majivu kutoka kiganjani mwake. Majivu yalionyesha ni gari gani ambalo halikugonga. Luteni angetaka kujua ni gari gani liligonga, na katika mji huu, mwezi huu, asipoletewa jingine angechukua lililopo.

"Rudisha ile kusineti ya zamani," alimwambia fundi. "Funga, weka mafuta. Nataka ligonge sawa jana. Na uniletee motokari zingine mbili, yoyote ile yenye kelele. Narudi."

"Unaenda wapi?"

"Kasungami."

*

Hati ya maelezo ya shahidi ilikuwa na mstari mmoja: *Shahidi alisikia injini inayogonga kama mchi.* Chini yake, alama ya dole gumba. Symphorien aliisoma mara tatu ndani ya jipu ya kituo, huku magurudumu yakiteleza kwenye matope mekundu. Kwenye kizuizi, ile baraji ya Laurent, askari wawili wapya walimtaka karatasi, wakamtaka tena, wakachungulia chini ya kiti. Dakika kumi na tano zikapotea.

Shamba la Mama Germaine lilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Alikuwa mwanamke mfupi, wa watu wa pale pale tangu zamani, na alikuwa akihangaika kuokoa mihogo iliyomenywa isinyeshewe.

"Jambo, mama."

"Balishaniuliza. Nilishasema."

"Sema kwangu tena."

"Nashika mihogo kwa mikono mbili, weye unasimama sawa musumari. Shika kwanza ile turubai."

Inspekta alishika turubai. Walifunika mihogo, wakaweka mawe pembeni, na mama akakagua kila jiwe. Saa ya Symphorien ilisema tisa na dakika tano. Hapo ndipo Mama Germaine alipokaa juu ya kigoda na kusema.

"Nilikuwa mu kibanda. Mvua ilikuwa sawa ukuta, sikuona kitu. Motokari ilifika pa baraji, ikasimama. Laurent akaomba karatasi, akasema, *papiers*. Yule mutoto alikuwa na heshima, nilikuwa namupa mahindi ya kuchoma. Motere inangoja pale: ko-ko, ko-ko, ko-ko. Sawa banamuke babili banatwanga sombe, majani ya muhogo, mu kinu moya."

Kalamu ya Symphorien ilisimama. "Babili?"

"Babili. Moya anapandisha muchi, moya anashusha. Weye hauyaonaka? Mama yako alikutwangia sombe na nini, na kijiko?"

"Yule askari aliyeandika, ulimwambia babili?"

"Nilimwambia. Alicheka, akaandika muchi. Ule hajashika kinu ata siku moya mu maisha yake. Kwake yeye, muchi ni muchi."

"Na kisha?"

"Muntu wa ndani ya motokari akasema, na kasirani: *Fungula! Hauniyue?* Laurent hakufungula. Alikuwa amefundishwa vile. Njo motere ikapanda, na kinu ikanyamaza."

"Ikanyamaza? Haikugonga zaidi?"

"Nasema ikanyamaza! Nikasikia *puh*. Na motokari ikaenda, laini, sawa mafuta."

"*Hauniyue*. Sawa mukubwa anayeyulikana pale. Hiyo ulibaambia?"

"Nani aliniuliza?"

Symphorien alichora mstari chini ya maneno mawili: *babili* na *ikanyamaza*. Gari la Lucien liligonga mmoja mmoja, na lilipokanyagwa liligonga zaidi. Gari hili liligonga mbili mbili, na lilipokanyagwa lilinyamaza. Hayakuwa magari mawili yanayofanana. Yalikuwa magari mawili yaliyo kinyume.

"Mama, twende muyini. Nataka usikilize motokari."

"Na mihogo yangu?"

"Imefunikwa."

"Nikirudi ikiwa imelowa," alisema Mama Germaine akipanda jipu, "weye njo utakula."

*

Saa kumi na dakika ishirini walimketisha Mama Germaine kwenye benchi uani, uso ukutani, mgongo ukielekea lango. Symphorien alisimama kando yake na daftari. Simone alisogea karibu bila kuitwa, sahani yake kifuani.

"Usigeuke, mama. Sikiliza tu. Ukiisikia, inua mukono."

Bwalya aliwasha lori la kituo. Mama Germaine alisikiliza kidogo.

"Ile inakohoa. Apana."

Lilikuwa bomba la moshi lililopasuka. Fundi alizima, akawasha gari la mwokaji mikate wa mtaa wa pili.

"Ile ni cherehani. Apana."

Valvu. Symphorien aliandika. La tatu lilikuwa la Lucien. Ko, ko, ko. Ndani ya mahabusu mtu alisimama, mikono yake ikaonekana kwenye nondo. Mama Germaine alisikiliza hilo kwa muda mrefu kuliko mengine, kichwa kimeinama.

"Kanyaga," alisema mama.

Bwalya akakanyaga. KO, KO, KO.

"Ile ni muchi moya. Muntu peke yake anatwanga, na ana kasirani. Siyo ile."

"Uko na hakika?"

"Nimetwanga tangu niko na miaka sita, weye unaniuliza hakika."

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Symphorien alimvuta fundi pembeni na kumwandikia swali kwenye daftari, ili asipige kelele kulijibu. *Injini gani inagonga mara mbili ikisimama, na inanyamaza ikikanyagwa?*

Bwalya alisoma. Akachukua kalamu, akachora pistoni, akachora biela, na katikati yao, pale zinapoungana, akachora kipande kifupi cha chuma. Aliinama sikioni mwa Symphorien na kujaribu kunong'ona. Walinzi wa langoni tu ndio walisikia.

"Akse ya pistoni. Kile chuma kinashikanisha hivi vitu viwili. Ikilegea, inagonga juu, inagonga chini, njo mbili. Ukikanyaga, moto unaibana, haina nafasi ya kucheza. Inanyamaza. Ni ugonjwa ya motokari muzuri, chef, motokari ya bakubwa. Bantu habaitengeneze kwa sababu wakiwa njiani habasikie kitu."

"Unaiyua motokari moya ya namna ile hapa muyini?"

Fundi alifungua mdomo kujibu, lakini lango likafunguliwa kabla.

Luteni Kisimba alikuwa amewahi kwa dakika kumi na tano. Gari la kijivu lilisimama barabarani, na nyuma yake lori dogo lenye askari wanne. Luteni aliruka madimbwi, akapita karibu na benchi bila kumtazama yule mwanamke aliyeketi akiangalia ukuta.

"Muhuri iko?"

"Iko inakuya, Luteni. Ingia, kuna kahawa."

Mlango wa ofisi ulifungwa. Gari la kijivu lilibaki likiunguruma langoni.

Symphorien alitazama dirisha la ofisi. Kikombe chake kilikuwa palepale ukingoni, kijiko juu ya meza alipokiweka mwenyewe saa sita mchana, kwa sababu kilimsumbua. Saa sita pia gari hili lilikuwa langoni. Ti-ti, kimya, ti-ti.

Mama Germaine hakugeuka. Aliinua mkono.

*

Kulikuwa na dakika kumi na nne, na Symphorien alizitumia zote.

Alimwonyesha Bwalya gari kwa kidevu, kisha akaweka kidole juu ya midomo. Fundi alikwenda kwa dereva wa Luteni, akapiga kofi boneti kwa urafiki.

"Baba, ju ya nini hauzime motere?"

"Betri imekufa. Nikizima, haiwake. Na Luteni hapendi kusukuma."

"Niangalie?"

Dereva, kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi siku mbili, aliangalia ofisi, akaangalia mvua, akafungua boneti. Bwalya aliuma kijiti. Aligusa ubavu wa injini mara moja tu. Kisha akainua mkono nyuma ya mgongo wake, pale Symphorien alipoweza kuuona: vidole viwili.

Symphorien alizunguka mbele. Taa ya kulia ilikuwa na kioo cha zamani, cha manjano kwa vumbi la miaka. Ya kushoto ilikuwa na kioo kipya. Aligusa bamba la gurudumu chini yake, na rangi ya kijivu ikabaki kwenye kidole. Katika mvua hii rangi haikauki kwa siku mbili.

"Mulitengeneza lini?" aliuliza taratibu.

Dereva alitazama kidole kile. "Jana asubui, chef."

"Juzi nani aliendesha?"

"Miye sikuwa. Juzi Luteni aliniacha. Aliendesha mwenyewe." Akatazama mlango wa ofisi. "Usiandike jina yangu."

"Nitaandika tarehe ya rangi tu."

Aliandika akiwa amesimama chini ya kibati, karatasi tatu na kaboni mbili katikati, bila kuacha nafasi ya mtu kuongeza neno. Michi miwili, siyo mmoja. Inanyamaza ikikanyagwa. *Hauniyue.* Kioo kipya, rangi mbichi, taa ya kushoto. Ngozi iliyotembea kilomita mia. Mkanda ambao haukuwemo daftarini. Mama Germaine alibonyeza dole gumba mara tatu, Bwalya akatia sahihi yake kubwa mara tatu.

Nakala ya kwanza Symphorien aliikunja ndogo. Simone alielewa kabla hajaambiwa. Aliinua kitambaa, akainua ugali wa bukari uliopoa, na karatasi ikalala chini yake ndani ya kipande cha jani la mgomba.

"Ofisi ya mwendesha mashtaka. Mitaa miwili, mulango ya kijani. Umupe mwenyewe mukononi. Usikimbie."

Askari wanne langoni walimtazama mwanamke aliyetoka na sahani yake, mgongo umenyooka. Mmoja akamwambia kwa kicheko, "Mama, bwana yako hana njaa leo?" Simone alikaza kitambaa juu ya sahani. Alitembea. Symphorien alimhesabia hatua mpaka alipopinda kona.

Kisha akaingia ofisini, nakala ya tatu ndani ya shati.

*

"Saa kumi na moja kasoro dakika moya," alisema Luteni. "Muhuri."

Symphorien aliweka nakala ya pili mbele yake.

Luteni alisoma. Alisoma vizuri, alikuwa amesoma shule za mapadri. Alipofika mstari wa rangi mbichi alirudi juu, akaanza upya. Mvua ilipiga bati.

"Unayua hii karatasi ni kitu gani?" aliuliza Luteni mwishoni. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kuko vita. Unaandika mukubwa wa Katanga kwa sababu ya Mukasai moya."

"Niliandika juu ya Laurent. Alikuwa askari yako. Alikufa akiomba *papiers*, sawa ulivyomufundisha."

Luteni alisimama, akafungua mlango, akaita. Askari wanne waliingia na kujipanga ukutani, maji yakiwatiririka, bunduki mikononi. Ofisi ikawa ndogo.

"Bon," alisema Luteni. "Babo banne ni mashahidi. Inspekta alikosea. Iko muchovu, kila muntu anakosea mu wakati huu. Atasema hapa, mbele yao: *nilikosea, Luteni, naomba pardon*. Atachana hii karatasi. Atatia sahihi ingine. Na miye nitasahau."

Alisukuma karatasi ya mihuri mitatu, na juu yake akaweka kalamu yake mwenyewe.

Uani, Bwalya, ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kumwambia kwamba siri ilikuwa imeisha au imeanza, alikuwa akimweleza dereva wa Luteni hali ya gari lake. Alimweleza jinsi alivyojua kueleza.

"AKSE YA PISTONI, BABA! SILINDA YA PILI! NJO ILE MAMA ALISIKIA PA BARAJI!"

Askari wa kwanza ukutani aligeuza kichwa kuelekea dirishani. Wa pili alimtazama wa kwanza. Ukingoni, ndani ya kikombe, kahawa iliyobaki chini ilikuwa ikijikunja mara mbili, mara mbili.

"Laurent," alisema askari wa tatu, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba. Bunduki yake ilishuka, mtutu ukatazama sakafu.

"Kimya!" Luteni hakumgeukia. Macho yake yalibaki kwa Symphorien, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshuka penye bastola. "Nangoja, Inspekta. Maneno mbili tu. Omba pardon."

Symphorien alichukua kalamu. Akaifunga kifuniko, akairudisha upande wa pili wa meza, juu ya alama ya dole gumba la Mama Germaine.

"Apana, Luteni. Siombe."